Anga tupu juu ya vichwa: kisa cha Zorki-4 na miwani ya mwalimu mstaafu

Filamu nzima ilikuwa na kasoro zilezile. Watu wamesimama mbali kuliko inavyopaswa, juu ya vichwa vyao kumebaki anga kubwa isiyo na kazi, na pembeni wameingia wapita njia ambao mpiga picha anaapa hakuwaona. Picha za mchana wa jua zilitoka safi. Za jioni, zilizopigwa barazani, zilikuwa na ukungu usoni mwa mtu huku ukuta wa nyuma yake ukisomeka tofali kwa tofali. Mwenye kamera, mwalimu mstaafu wa Tanga mwenye miaka sabini na ushei, alishatoa hukumu kabla hajanifikia: kamera imechoka.

Kamera yenyewe ni Zorki-4, kazi ya kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow. Kiwanda hicho kiliitengeneza kuanzia 1956 hadi 1973 na zikatoka zaidi ya milioni moja na nusu, ndiyo maana hadi leo si adimu. Mwalimu aliipata Odessa, Umoja wa Kisovieti, miaka ya sabini alipokuwa akisoma huko, akarudi nayo nyumbani pamoja na lenzi yake ya Jupiter-8, milimita 50, f/2. Aliitumia miaka mingi, akaifungia kabatini zilipoenea kamera za otomatiki, na mjukuu wake ndiye aliyeifufua kwa kumletea filamu.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kunitandazia negativu mezani. “Mwanangu, hii ilikuwa inapiga. Siku hizi hata sioni ninachokipiga.”

Sentensi ya pili ndiyo niliyoishika.

Kwa asiyezijua kamera hizi, Zorki ni renjifainda, yaani kamera yenye kipima masafa, na renjifainda haikuonyeshi picha kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu ya lenzi, kando kidogo, na katikati yake kuna kidoa chenye rangi hafifu ambamo kila kitu kinaonekana mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka taswira hizo mbili zilaliane. Zikiwa moja, fokasi imekaa. Kupima masafa na kupanga picha vyote vinafanyika kwenye kidirisha hichohicho, na vyote vinategemea jicho limekaa wapi. Ukikosea fokasi kwenye SLR, kamera unayochungulia kupitia lenzi yenyewe, unauona ukungu palepale. Hapa huoni lolote. Kidirisha kinakuonyesha dunia ileile hata kama lenzi umeiweka kwenye masafa mengine kabisa, na habari unaipata siku filamu inaposafishwa.

Kuiondolea kamera lawama

Kabla ya kumwambia mzee neno lolote kuhusu macho yake nilianza na chuma. Zorki-4 ina urahisi mmoja: mgongo na kitako vinatoka kwa pamoja. Unatandaza kipande cha karatasi ya kunakilia kwenye reli ambazo filamu hupita, unaifungua shata kwa alama ya B, inayoiacha wazi kadiri unavyobonyeza, na unaiona picha halisi inayochorwa na lenzi. Nilipima kwa futikamba mita moja, kisha mita tatu, kisha nikaelekeza kwenye mnara wa simu wa mbali. Kila kidoa kilipolaliana, karatasi nayo ilionyesha mistari mikavu. Ndani ya lenzi kulikuwa na vumbi kidogo, la kawaida kwa umri huo. Kamera haikuwa na kosa.

Hapo zile picha za jioni zikaanza kueleweka. Mchana alikuwa akipiga kwa f/8, yaani tundu la lenzi likiwa limefinywa. Ukiweka fokasi mita 3 kwa lenzi ya 50 na f/8, kila kitu kuanzia mita 2.3 hivi hadi 4.2 kinaonekana safi, kwa hiyo mtu anaweza kukosea kwa zaidi ya nusu mita na asijue. Jioni alifungua hadi f/2, na eneo hilo likasinyaa kuwa kati ya mita 2.8 na 3.2. Kosa lilikuwepo siku nzima, ila jua lilikuwa likilifunika. Watu wengi wakifika hapa huilaumu lenzi, wanasema “ikifunguliwa sana haitoi picha kali,” kisha wanatafuta lenzi nyingine. Jupiter-8 ni laini kidogo kwa f/2, kweli, lakini ulaini huo haumpi ukungu mtu halafu ukauacha ukuta wa nyuma yake ukiwa safi. Ukuta ukiwa safi, fokasi imetua ukutani.

Basi kwa nini mtu aliyepima masafa kwa miaka mingi alikuwa akitua ukutani?

Kipete kilichosahauliwa

Nilimwomba achungulie kama anavyochungulia siku zote, nikakaa ubavuni kumtazama. Alinyanyua kidevu, akarudisha kichwa nyuma, akaishusha kamera kidogo chini ya usawa wa jicho, akaanza kuzungusha lenzi. Ukimwona mtu wa rika lake ameshika simu na kunyanyua kidevu hivyo, unajua anasoma kupitia sehemu ya chini ya miwani. Na miwani yake ni ya aina hiyo: juu ina namba ya kuonea mbali, -4, na chini inaongezewa +2 ya kusomea. Lakini mtu anayetazama mnara wa simu anatafuta nini kwenye sehemu ya kusomea?

Jibu lilikuwa upande wa kushoto wa kamera, chini ya kirungu cha kurudishia filamu. Zorki-4 ina kipete pale chenye mkono mdogo wa kusogeza. Nimekutana na wamiliki wa kamera hii wasiojua kazi yake, na mmoja aliyekuwa amekibana kwa gundi kwa kudhani kimelegea. Ni rekebisho la macho. Ukikisogeza, kidirisha kinabadilika namba, ili asiyeona mbali, au asiyeona karibu, achungulie bila miwani. Leica, kamera za Kijerumani, za miaka hiyohiyo, mfano IIIf ya 1950, nazo zina mkono kama huo. Masafa yake ni namba chache tu, lakini kwa mtu mwenye kasoro ndogo yanatosha.

Mwalimu alipokuwa mwanafunzi macho yake yalikuwa -2 hivi, na miwani hakuipenda. Alikisogeza kipete hadi mwisho wa upande wa minus, akapiga picha kwa jicho tupu, na ilikuwa inapiga, kama alivyosema. Kisha kamera ikalala kabatini, grisi ya Kirusi ikakauka ikawa gundi, na kipete kikaganda pale alipokiacha.

Sasa anavaa miwani. Miwani peke yake imeshamfikisha kwenye usawa wa mtu anayeona mbali vizuri. Kipete kinaongeza -2 nyingine juu yake, na anachokiona kidirishani kinakuwa kama kitu kilichowekwa nusu mita kutoka usoni. Kijana wa miaka ishirini angekaza jicho na kuimeza tofauti hiyo bila kushtuka. Jicho la miaka sabini halikazi tena. Kupitia sehemu ya juu ya miwani kidoa kilikuwa na ukungu. Kupitia sehemu ya chini, ile +2 iliifuta -2 ya kipete na kidoa kikasafika. Mwili wake uligundua dawa hiyo wenyewe, na yeye hakujua kuwa ananyanyua kidevu.

Dawa hiyo ilikuwa na gharama mbili. Ya kwanza, sehemu ya kusomea kwenye lenzi za aina hii ni finyu na pembeni yake mistari hupinda, kwa hiyo akiteleza kidogo kidoa kinarudi kwenye ukungu na anabaki kukisia. Ndiko fokasi ya ukutani ilikotoka. Ya pili, jicho lake lilikaa juu ya mhimili wa kidirisha likitazama chini. Jicho likiwa juu linaona zaidi upande wa chini wa kidirisha na kupoteza upande wa juu. Akiwa haoni vichwa, aliinua kamera mpaka avione. Filamu, isiyojali jicho liko wapi, ikachukua vichwa pamoja na anga yote iliyokuwa juu yake.

Milimita kumi

Kipete tulikilegeza kwa tone la petroli ya kiberiti na subira, nikakirudisha. Namna ya kukiweka ni kuvaa miwani, kutazama kitu cha mbali chenye mistari, kukianzisha kipete upande wa plus ambako kuna ukungu, kisha kukisogeza taratibu kuelekea minus na kusimama pale mistari inaposafika mara ya kwanza. Ukianzia upande wa minus, jicho lenye nguvu ya kukaza litakudanganya. Mwalimu alitazama kupitia sehemu ya juu ya miwani, kidevu kikashuka chenyewe.

Kidoa kilikuwa safi, ila picha bado ilikuwa imekatwa pande zote nne. Hili ni tatizo jingine, halihusiani na namba ya miwani hata kidogo, na ndilo ambalo wenye miwani wengi hutumia fedha nyingi kulitibu kwa dawa ya lile la kwanza. Ni tatizo la umbali. Mtu asiye na miwani anaweza kulibana jicho hadi milimita 10 hivi kutoka kwenye kioo. Miwani hukaa milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho; ongeza unene wa lenzi yake na ukingo wa chuma wa kidirisha, jicho linarudi milimita 20 nyuma. Anayechungulia kwenye tundu la ufunguo anajua milimita kumi zinaondoka na nini.

Hesabu yake si ngumu. Lenzi ya 50 inaona upana wa nyuzi 40 hivi kwenye fremu ya milimita 36. Kidirisha cha Zorki-4 kinaonyesha vitu karibu kwa ukubwa wao halisi, kwa hiyo jicho nalo linatakiwa kupokea nyuzi 40. Likiwa milimita 10 nyuma, uwazi wa milimita 7 unatosha. Likiwa 20, unahitaji zaidi ya 14, na Zorki haina uwazi wa namna hiyo. Kibaya zaidi, kidirisha chake hakina mistari ya fremu. Mwisho wa kidirisha ndio mwisho wa picha, kwa hiyo sehemu iliyokatwa haiachi alama yoyote ya kukuonya kuwa imekatwa. Unadhani umeona picha yote. Kumbe umeona katikati yake, unarudi nyuma hatua mbili ili watu waenee, na wapita njia wanaingia pembeni.

Kamera zenye mistari inayong’aa ndani ya kidirisha zinakuonya angalau: usipouona mstari, unajua umepungukiwa. Lakini nazo zinatofautiana sana, na hapa nina ugomvi na sifa wanazopewa wanunuzi. Kidirisha kinachokuza sana kinasifiwa kila mahali. Leica M3 ya 1954 ina ukuzaji wa 0.91, Canon P, renjifainda ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka hiyo, ni 1 kamili, yaani ukubwa halisi, unaweza kufungua macho yote mawili na kuona fremu inaelea hewani. Kwa asiye na miwani ni raha. Kwa mwenye miwani chukua upana wa lenzi, uupunguze kulingana na ukuzaji wa kidirisha, uone jicho linadaiwa nyuzi ngapi. Lenzi ya 50 kwenye M3 inadai 36, inabana lakini inaingia kwa kujipenyeza. Lenzi ya 35, inayoona upana zaidi, kwenye Canon P inadai 54. Mstari wake upo, ila mwenye miwani atausikia tu. Leica M2, iliyofuata M3 miaka michache baadaye, ilishushwa hadi 0.72. Humo lenzi ya 50 inadai nyuzi 29, na mwenye miwani anaiona fremu yote na nafasi ya kupumua kuizunguka. Lakini 35 kwenye M2 hiyohiyo inadai 40 na kitu, yaani mtihani uleule wa Zorki ya mwalimu. Na 28 kwenye kidirisha cha 0.72 inafika karibu 50, ndiyo sababu Leica baadaye walitoa M6 TTL yenye ukuzaji wa 0.58.

Kushusha ukuzaji kuna bei yake. Usahihi wa kupima masafa unatokana na umbali kati ya madirisha mawili ya kamera ukizidishwa kwa ukuzaji. M3 inapata milimita 63 hivi, M2 ni 50. Zorki-4 ina kama 38 tu, na bado inatosha kwa lenzi ya 50 f/2, kwa hiyo mimi sioni mwenye miwani akikosa usingizi kwa hasara ya M2.

Hata hivyo mwalimu hakuja kununua kamera. Leica hata iliyochakaa ina bei kubwa.

Wazo la kuvua miwani

“Basi nivue miwani kama zamani,” alisema. Ni wazo la haki, na kwa wengine ndilo jibu. Leica za M zina vioo vidogo vya namba mbalimbali vinavyofungwa kwa skrubu kwenye kidirisha, na mwenye kasoro ya kawaida ya -2 au -3 anaweza kurudi kwenye raha ya jicho tupu. Ukivinunua, kumbuka kidirisha cha M chenyewe kina -0.5 tangu kiwandani, kwa hiyo usinakili namba ya daktari kama ilivyo bila kujaribu.

Kwa mwalimu njia hiyo ilikuwa imefungwa mara mbili. Kwanza, -4 imepita uwezo wa kipete. Pili, nilichukua miwani yake, nikainyoosha mbali na uso wangu, nikatazama fremu ya dirisha kupitia lenzi moja huku nikiizungusha. Mbao za dirisha zikainama zikainuka kadiri nilivyozungusha. Hiyo ni silinda: jicho lina astigimatizimu, yaani halijapinda sawa pande zote. Kipete cha Zorki, kama vile vioo vya Leica, kinarekebisha namba ya kawaida tu na hakigusi silinda. Na kidoa cha renjifainda kinateleza kushoto na kulia, kwa hiyo unakipima kwa mistari ya wima. Silinda yako ikiangukia mahali pa kuchafua mistari ya wima, hutaki kujua. Kuna wanaochongesha kioo cha kidirisha chenye silinda. Kinafanya kazi kamera ikiwa imelala. Ukiisimamisha kupiga picha ya wima, silinda inageuka nayo, jicho linabaki lilivyo, na vinapingana.

Miwani ikabaki usoni. Tulichobadilisha ni aina yake. Kwa fundi wa miwani alitengeneza ya pili, ya kuonea mbali tu, yenye fremu ndogo ya duara inayokaa karibu na uso. Milimita mbili au tatu ulizookoa hapo zina thamani kuliko kifaa chochote. Namba zilizoandikwa kwenye lenzi ya kamera hazisomeki kwa miwani hiyo, lakini mtu wa -4 ana bahati yake: akiisukuma miwani juu ya paji la uso, kila kilicho kwenye sentimita 25 anakiona bila msaada.

Lilibaki suala la mikwaruzo. Ukingo wa kidirisha cha Zorki ni chuma kitupu, na lenzi za miwani za leo ni za plastiki yenye utando laini juu yake. Watu hubandika pete ya mpira wa tyubu ya baiskeli. Inalinda, lakini inarudisha jicho nyuma kwa unene wake, na milimita ndizo tunazozipigania. Nilipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, kwenye ukingo wote. Ikichubuka unapaka nyingine.

Filamu iliyofuata

Kwa kupanga picha alianza kwa kusogeza jicho: fokasi kwanza jicho likiwa katikati, kisha kulipeleka kushoto kutafuta ukingo mmoja, kulia kutafuta wa pili, ndipo apige. Kwa watu waliokaa barazani inawezekana. Kwa watoto wanaokimbia haiwezekani, na mjukuu akamtafutia kidirisha cha nje cha 50, chenye mistari inayong’aa, kinachochomekwa juu ya kamera. Katika vidirisha hivyo fremu inaelea ndani ya eneo kubwa kuliko yenyewe, na jicho likirudi nyuma kinachopungua kwanza ni eneo la ziada. Nilimkataza kile cha Kirusi cha kuzungusha chenye lenzi tano, 28 hadi 135: ni kizuri kukishika, lakini picha yake ni ndogo na tundu lake kwa mwenye miwani halina tofauti na la kamera.

Sasa anapima kwa kidirisha cha ndani, anapandisha jicho, anapanga kwa cha juu. Filamu iliyofuata anga ilikuwa imeondoka na nyuso za jioni zilikuwa safi. Imekuja kasoro mpya: picha mbili tatu za karibu zina vichwa vilivyokatwa juu, kwa sababu kidirisha cha nje kiko sentimita kadhaa juu ya lenzi na hakijui mtu yuko karibu kiasi gani. Kuanzia mita moja na nusu kushuka inabidi aelekeze juu kidogo kuliko anavyoona. Picha za wima bado anazilalamikia, pua inagusa kamera na miwani inapinda, na sina la kumwambia.

Ameanza kuulizia Jupiter-12, lenzi ya 35. Nimemwambia aichukue akiipata. Kidirisha cha ndani cha Zorki kinaonyesha eneo la 50 tu, na kwa 35 hata mwenye macho ya mwewe inabidi achomeke kidirisha cha nje.